Hafez jukwaani: piano au kamanche?

Ukitaka kuwapandisha Hafez, mshairi wa Kiajemi, na Goethe, mshairi wa Kijerumani aliyevutiwa naye, jukwaa moja, njia ni mbili.

Ya kwanza ni piano. Mwaka 1821 mtunzi wa muziki Schubert alilitia muziki shairi la Suleika kutoka diwani ya Goethe ya 1819, ingawa aliyeliandika shairi hilo hasa ni Marianne von Willemer, ambaye hakutajwa kitabuni. Kila noti imeandikwa, kwa hiyo mazoezi ni mepesi. Ila Hafez mwenyewe hasikiki: Goethe alimsoma kwa tafsiri ya Kijerumani.

Ya pili ni avazi, uimbaji wa jadi wa Kiajemi. Mwimbaji anaushika ubeti wa ghazali kwa Kiajemi, bila mapigo ya kudumu, anavuta silabi moja mpaka koo linatetemeka, na kamanche, fidla ya Kiajemi, inamjibu papo hapo. Baadhi ya sauti hizo huangukia katikati ya funguo mbili za piano, basi piano inabaki nje. Mpiga cello wa Ulaya anaweza kuzifikia, mradi akubali kuacha karatasi na kutega sikio.

Wasanii wakikutana siku moja tu kabla ya onyesho, chukua Schubert. Wakiwa na wiki nzima, mimi nachagua avazi, huku tafsiri ikighaniwa baina ya beti, si juu ya sauti ya mwimbaji.