Tundu la tatu: uzoefu wangu na kalibu ya alumini ya kusubu chubwi

Navua kwa mshipi nje ya Tanga, na chubwi, vile vizito vya kuzamisha ndoano, nazisubu mwenyewe: nayeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu, yaani chombo chenye matundu ya umbo la chubwi. Kule kwenye mkondo wa Pemba maji yanakimbia, hasa kusi ikivuma, na chubwi nyepesi haifiki chini kwenye chewa, inachukuliwa na maji tu. Za dukani zinaumiza mfuko, maana kila safari miamba inabaki na mbili tatu. Ndipo miaka miwili iliyopita nikaagiza kalibu ya alumini yenye matundu manne, umbo la tone, kila chubwi aunsi 6, yaani gramu 170 hivi. Mpaka inanifikia ilikuwa imekula shilingi 140,000.

Kalibu yenyewe naisifu bila kusita. Ukiifunga na kuielekeza kwenye jua huoni upenyo kati ya nusu mbili. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 na alumini kwa 660, kwa hiyo joto la kazi hii haliisumbui. Mimi huipasha kwanza kando ya jiko, kisha napitisha moshi wa kibatari ndani ya matundu mpaka yapate masizi mepesi. Hapo chubwi zinadondoka zenyewe ukifungua tu. Ukimimina kalibu ikiwa baridi zinatoka na makunyanzi, na ikiwa na unyevu ni hatari kabisa: tone moja la maji chini ya risasi ya moto linalipuka na kukurushia usoni. Miwani na viatu vya kufunika si hiari.

Tatizo lilianza siku niliyomwachia mpwa wangu. Chubwi ya tundu la tatu iling'ang'ania kwa sababu masizi yalikuwa yameisha. "Mjomba, hii imegoma kutoka," akaniambia, na kabla sijafika alishaingiza bisibisi. Ikatoka kweli, lakini toka siku ile kila chubwi ya tundu hilo ikawa inakwama. Kati ya chubwi nne, moja lazima uigombanie. Nilimwandikia muuzaji nikitaka kununua nusu moja ya kalibu. Jibu sikupata mpaka leo, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwake.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alitaka kujaza tundu kwa kulehemu alumini kisha alitoboe upya. Nikakataa, na nashukuru nilikataa. Moto wa kulehemu unapinda kipande chote, na kalibu iliyopinda haifungi tena. Risasi inavuja katikati na kila chubwi inatoka na ubavu mwembamba pembeni. Mwingine akashauri gundi ya chuma ya mrija. Gundi za kawaida haziwezi kukaa kwenye risasi iliyoyeyuka.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza, Ngamiani. Hakuwasha mashine hata kidogo. Alichukua kipande cha pamba, akakipitisha taratibu ndani ya tundu. Pamba ikateleza, ikateleza, halafu ikashika. Aliponionyesha kwa tochi, nyuzi mbili za pamba zilikuwa zimening'inia mahali pamoja, kando ya mkwaruzo usiofika hata urefu wa punje ya mchele.

"Mwanangu, shimo halishiki kitu," akaniambia. "Kinachoshika ni hili tuta."

Hapo nikaelewa. Bisibisi ilipolima alumini ilifanya kama jembe, ikaacha mfereji na ikarundika tuta kando. Mfereji kazi yake ni kuacha kimstari kwenye chubwi, basi. Tuta ndilo linaloingia kwenye risasi ikiwa laini na kuibana ikiganda. Ukianza kusaga tundu zima ili ufute mfereji, utalipanua na kuharibu kingo, na kalibu ndiyo imekwisha.

Alishughulika na lile tuta tu. Alishika shingo ya keekee, ile sehemu laini isiyo na meno, akaikandamiza na kuisugua polepole mpaka alumini iliyoinuka ikarudi chini kuelekea kwenye mfereji. Kisha tukasubu chubwi moja kwenye tundu hilohilo, ila mahali pa kitanzi cha waya tukaweka bolti ndefu. Ilipopoa akaipaka dawa ya kung'arishia shaba, akairudisha ndani, akafunga kalibu bila kukaza, akaizungusha kwa mkono kama mara ishirini. Akaosha, akapitisha pamba. Haikushika. Alitaka 10,000, nikampa 15,000.

Njia hii ya kuzungusha inafaa kwa umbo la duara peke yake. Kama kalibu yako ni ya piramidi au ya pembe sita, usijaribu. Ishia kwenye kukandamiza tuta.

Baada ya hapo nimesubu zaidi ya chubwi mia mbili, na tundu la tatu linaachia sawa na wenzake. Chubwi zake zina kimstari ubavuni. Nimezipima kwenye mizani ya duka la jirani, uzito haujabadilika, na chewa hajawahi kulalamika kuhusu mstari.

Sasa bisibisi haikai karibu na jiko. Pale pana kijiti cha mti mgumu, na chubwi ikigoma nagonga bawaba, sigongi kalibu yenyewe. Risasi ikiganda kwenye uso wa kalibu naipasha tena mpaka ilainike, halafu naifuta kwa kijiti hichohicho. Risasi nanunua kwa mafundi wa matairi, vile vizito vya kubalansia rimu, ila lazima uchambue, maana siku hizi vingine ni zinki na ikichanganyika chubwi hazijai vizuri. Betri za gari sivunji. Nasubu nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa mbali, na karai la chuma la kuyeyushia risasi haliingii jikoni.

Mishikio ya mbao imeanza kulegea na nitaibadilisha kabla ya kaskazi. Kama unavua kwa mshipi na unapoteza chubwi kama mimi, nunua kalibu ya aina hii, na ukinunua omba nusu ya akiba siku hiyohiyo, pesa yako ikiwa bado mkononi.