Redio ndogo ya sola darasani: kati ya "fua" na "vua"

Nafundisha darasa la awali Muheza, watoto 68, chumba cha bati bila dari. Januari nilinunua Tanga mjini redio ndogo ya sola, zile za kuchomeka memori kadi, kwa shilingi 35,000. Nilitaka watoto wajifunze kusikiliza kabla sijawapa herufi. Mtoto ambaye masikio yake hayajatenganisha f na v, ubaoni atakariri tu.

Narekodi kwa simu jogoo, mchi kwenye kinu, bodaboda ikipanda kilima. Wanafumba macho, wanataja. Wakizoea naleta maneno: redio ikisema "fua shati", wanasugua viganja, ikisema "vua shati", wanashika vifungo. Redio ya kwanza niliyouziwa ilikuwa na besi nzito, basi nusu ya darasa wakisugua, nusu wanafungua vifungo. Niliposema kwa mdomo wangu, wote wakapatia. Watoto walikuwa wanasikia vizuri, spika ndiyo iliyomeza herufi! Niliirudisha kesho yake, nikabadilishiwa hii.

Hii ina spika ndogo inayotazama mbele, na sauti ya mtu inatoka safi. Hata ile m ya "mtoto" inasikika peke yake. Tukipiga makofi kwa silabi, "mtoto" ni makofi matatu, m-to-to, lakini wengi walikuwa wanapiga mawili. "Mbuzi" ni mawili kweli, mbu-zi. Tulirudia wiki nzima, mpaka binti mmoja wa mstari wa nyuma akasimama kunisahihisha mimi niliyekosea kwa haraka. Siku ile nilifurahi sana.

Chaji ya sola inataka jua la kutwa, ila inakubali pia chaja ya simu. Ukiongeza sauti hadi mwisho inakwaruza. Nusu inatosha, watoto wakikaa nusu duara. Mvua ikipiga bati, izime tu, utoe hadithi kwa mdomo mkiwa mmesogeleana.

Kinachoniudhi ni kitufe cha kusimamisha. Ukibonyeza kuendelea, inaanza upya rekodi nzima, na darasa limeshatawanyika. Nimelazimika kukata rekodi vipande vya neno mojamoja, kazi ya jioni mbili.

Ukienda kununua, nenda na memori kadi yako yenye sauti ya mtu anayezungumza, uwekewe hiyo. Usikubali kujaribishiwa kwa muziki. Kisha simama hatua kumi kutoka kwenye redio, usikilize kama "fua" ni "fua".