Bastola kubwa ya uwanjani na ndogo ya kiunoni: Glock 17, Beretta 92, CZ 75, SIG P365 na Glock 43X

Familia nyingi za Lubumbashi zina ndugu Afrika Kusini, na ndugu hao, wakishapata ukaazi wa kudumu na kufungua duka au karakana, huanza kuulizia bastola. Mdogo wangu wa Johannesburg aliniletea swali hilohilo: anunue ipi kubwa na ipi ndogo. Aliniuliza mimi kwa sababu nasimamia ulinzi katika kampuni moja hapa Katanga, akidhani kwamba kila msimamizi wa walinzi ni fundi wa silaha, ilhali walinzi wa kampuni binafsi huku kwetu husimama getini bila bunduki, na mahali penye bunduki mwenye kuishika ni askari polisi. Hata hivyo nilipofika kwake kwa shughuli nyingine tulikwenda pamoja kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha bastola, tukazijaribu zile tulizokuwa tumezitaja kwenye simu. Jibu naliweka hapa mbele ili msomaji asilitafute: kubwa ni Glock 17, ndogo ni Glock 43X, na ile inayosifiwa kuliko zote, SIG P365, tuliiacha dukani.

Kabla ya kugusa silaha yoyote inafaa kuelewa kwa nini mtu wa huko azungumzie bastola mbili. Sheria ya Afrika Kusini ya kudhibiti silaha, namba 60 ya mwaka 2000, humtaka mwombaji awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu, na awe na cheti cha umahiri kinachotolewa baada ya mafunzo na mtihani. Kifungu cha 13 kinampa leseni ya silaha moja tu ya kujilinda, na tena lazima aeleze kwa nini haja yake haiwezi kutimizwa kwa njia nyingine isipokuwa silaha. Kifungu cha 15, kinachohusu wanaowinda au kulenga shabaha mara mojamoja, kinaruhusu silaha kadhaa lakini kati yake bastola ni moja. Kwa hiyo mtu wa kawaida, asiyejiandikisha kuwa mlengaji wa kudumu, anaishia na bastola mbili: moja ya kiunoni kwa kifungu cha 13, nyingine ya uwanjani kwa kifungu cha 15. Kila leseni inakuja na kikomo cha risasi 200 za kuweka nyumbani, pamoja na sharti la kasha la chuma lenye kiwango kinachotambuliwa. Anayefanya hesabu ya bei ya bastola bila kuhesabu kasha, kozi na risasi za mazoezi atashangaa, maana bastola yenyewe mara nyingi si gharama kubwa kuliko zote.

Tulianza na kubwa. Beretta 92 ndiyo iliyomvutia mdogo wangu kwa macho, na sishangai, kwani wengi tumekua tukiiona kwenye filamu za Marekani, ambako jeshi liliichukua mwaka 1985 kwa jina la M9. Mtutu wake una milimita 125, bastola nzima ina milimita 217, na ikiwa tupu inakaribia gramu 950. Uzito huo ni faida uwanjani: bastola inatulia, teke lake la kurudi nyuma ni jepesi, na risasi 15 za magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) zinaisha mkono ukiwa haujachoka. Tatizo liko kwenye kifyatulio. Risasi ya kwanza, nyundo ikiwa chini, inadai mvuto mrefu na mzito. Risasi zinazofuata zinatoka kwa mvuto mfupi na mwepesi. Mwanafunzi analazimika kujifunza mivuto miwili katika bastola moja. Askari anayefanya mazoezi kila wiki huzoea, lakini fundi magari anayekwenda uwanjani siku ya mapumziko ataharibu risasi ya kwanza mara nyingi, na katika kujilinda risasi ya kwanza ndiyo yenye maana.

CZ 75, ya Chekoslovakia ya zamani, iliyobuniwa mwaka 1975 na ndugu wawili wa ukoo wa Koucký, ni bastola ninayoipenda mimi binafsi. Ni chuma kitupu, inafika kilo moja, na mpini wake unaingia kiganjani kana kwamba ulichongwa kwa ajili ya mkono wako. Ukiishika utaona pia kasoro yake: slaidi, yaani sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, inatembea ndani ya fremu, mwili wa chini wenye mpini, badala ya kuifunika kwa nje, hivyo sehemu ya kushika unapoivuta nyuma ni nyembamba, na mwenye vidole vyenye jasho au mafuta ya gari atateleza. Mdogo wangu aliteleza. Wazee wetu waliopitia jeshi wataikuta na ujamaa fulani na GP ya Kibelgiji, ile ya kiwanda cha FN ya mwaka 1935 ambayo mbunifu wa silaha John Browning aliianza na Dieudonné Saive akaimalizia baada ya Browning kufariki mwaka 1926, bastola iliyokuwa na risasi 13 wakati nyingine nyingi zilikuwa na saba au nane. Kila bastola tuliyoishika siku ile isipokuwa Beretta, pamoja na hizo ndogo, hufunga na kufungua mtutu kwa njia iliyotokana na kazi ya Browning.

Glock 17 haina uzuri wowote, na hilo halikubadilika hata kidogo nilipoishika. Gaston Glock, mtengenezaji wa vitu vya plastiki na chuma huko Austria, aliileta mwanzoni mwa miaka ya 1980 bila kuwa na historia yoyote katika silaha, na jeshi la nchi yake likaichukua kwa jina la P80. Fremu ni ya plastiki ngumu, bastola bila magazini ina takriban gramu 630, magazini inabeba risasi 17, na mtutu una milimita 114. Sababu ya kuichagua ni kifyatulio: mvuto ni uleule kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna nyundo ya kushusha, hakuna kizuizi cha kidole gumba cha kusahau. Vizuizi vitatu, kimoja kwenye kifyatulio chenyewe na viwili ndani, vinafunguka vyenyewe kidole kinapovuta. Ubora huo una upande wake wa pili, na muuzaji hakuutaja mpaka nilipouliza. Ili kuivua Glock, yaani kuitenganisha vipande, kwa ajili ya kuisafisha, lazima uvute kifyatulio. Asiyetoa magazini kwanza, kisha akavuta slaidi, akatazama chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na kuipapasa kwa kidole, siku moja atapiga risasi ndani ya nyumba yake. Beretta na P365 zinavuliwa bila kugusa kifyatulio, na kwa mtu mwenye haraka au mwenye watoto hilo si jambo dogo.

Sasa ndogo, ambako wengi hukosea kwa kupima urefu wa mtutu. Bastola ikivaliwa ndani ya mkanda, mtutu unalala ndani ya suruali na hakuna anayeuona, hata uongezewe sentimita mbili. Kinachochomoza chini ya shati ni kitako cha mpini. Ukiinama kuokota kitu, kitako hicho kinasukuma kitambaa nyuma ya nyonga na kuchora pembe ambayo mtu mwenye macho ataijua mara moja. Kwa upande mwingine, mpini huohuo ndio unaoupa mkono nafasi ya kushika. Kwa hiyo bastola ndogo ni mapatano kati ya kiganja na shati, na mtutu haumo katika mapatano hayo. Afrika Kusini mapatano haya ni ya kisheria pia, kwa sababu kifungu cha 84 kinataka bastola inayobebwa hadharani iwe ndani ya ala yake au begi, imefunikwa kabisa, na mwenyewe awe na uwezo wa kuidhibiti. (Abakosti, lile koti la wanaume la enzi za Mobutu, ingefaa sana kwa kazi hiyo, lakini ni nani anayeivaa tena?)

SIG P365 ilitoka mwaka 2018 na ikaushangaza ulimwengu wa bastola kwa sababu ilitia risasi 10 mahali ambapo wengine walikuwa wakitia sita au saba. Glock 43 ya mwaka 2015, kwa mfano, ilikuwa na sita. P365 ina urefu wa milimita 147 na kimo cha takriban milimita 109. Mfukoni mwa koti inapotea kabisa. Lakini nilipoishika na magazini yake fupi, kidole changu kidogo kilibaki nje, kikining'inia chini ya kitako bila kazi. Unapofyatua, bastola inajizungusha juu ya kidole cha pete, na kila baada ya risasi unajikuta ukitafuta upya namna ya kuishika. Mdogo wangu, ambaye mikono yake ni mikubwa kuliko yangu, alimaliza magazini akaiweka mezani na kusema: «Yaya, hii ya kidogo iko inauma mukono.» Hesabu yake ni rahisi. Pamoja na magazini tupu P365 ina kama gramu 500, Glock 17 kama gramu 700. Risasi ya milimita 9 ni ileile, kwa hiyo nishati ya teke inayofika mkononi inakaribia mara 1.4. Iko magazini ndefu ya risasi 12 inayompa kidole kidogo pa kukaa, ila ukiitia, kimo kinaongezeka na ile sababu ya kununua bastola fupi inapungua.

Glock 26, toleo fupi la 17, tuliijaribu kwa sababu ya hoja moja nzuri: inakubali magazini za Glock 17, hivyo mwenye zote mbili ananunua aina moja ya magazini ndefu. Ni hoja ya kweli. Lakini unene wake ni karibu sawa na wa 17, na kiunoni unene ndio unaochosha kufikia saa tisa alasiri, hasa kwa anayekaa ndani ya gari. Tuliipita.

Glock 43X, iliyotoka mwaka 2019, ndiyo iliyomaliza mjadala. Ina risasi 10, mtutu wa milimita 87, unene wa milimita 28 na kimo cha milimita 128. Kimo hicho ni pungufu kidogo tu ya kile cha Glock 17, na mtu anaweza kuuliza inaitwaje ndogo. Inaitwa ndogo kwa wembamba wake, na kwa uzito wa takriban gramu 465 bila magazini. Vidole vyote vinne vinakaa. Kifyatulio ni kile cha Glock 17, vilengeo vyake viko namna ileile, na mkono uliofundishwa kwa kubwa haufundishwi upya kwa ndogo. Hapo ndipo ninapoona faida ya kuchagua bastola mbili za ukoo mmoja, kuliko kuchukua Beretta ya kufurahisha macho na SIG ya kufichika. Magazini haziingiliani kati ya 17 na 43X, na hilo ni la kujutia, lakini halizidi faida ya kidole kutobadilishiwa somo.

Asitarajie, hata hivyo, kulenga kwa 43X kama anavyolenga kwa 17. Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, 17 ina milimita 165 na 43X ina kama 132. Mkono ukitetemeka kiasi cha kuhamisha kilengeo kwa milimita 1, kwa shabaha ya mita 10 risasi ya 17 inakwenda pembeni sentimita 6, na ya 43X inakaribia 8. Karatasi za mdogo wangu zilionyesha hivyohivyo: kwa kubwa matundu yalikusanyika, kwa ndogo yalitawanyika kuelekea chini kushoto, ishara ya mtu anayeogopa teke kabla halijaja. Mwalimu wa uwanja alimrudisha kwenye kubwa, akamchanganyia risasi za bandia na za kweli ndani ya magazini bila yeye kujua mpangilio, na mtikisiko ule ukaonekana wazi kila alipofyatua ya bandia. Ni kwa sababu hiyo namshauri atumie risasi nyingi za mazoezi kwa 17 na amalizie kila zoezi kwa magazini moja au mbili za 43X, si kinyume chake.

Kuhusu ala, duka lilitaka kumpa ya kitambaa laini, ya bei nafuu, inayoingia bastola yoyote. Tulikataa. Glock haina kizuizi cha kidole gumba, kwa hiyo ala ndiyo kizuizi: iwe ngumu, iwe imetengenezwa kwa 43X peke yake, ifunike kifyatulio chote, na mdomo wake usijikunje bastola inapotolewa. Ala laini inaweza kuingiza mkunjo wa kitambaa, au kamba ya shati, ndani ya duara la kifyatulio wakati wa kurudisha bastola. Mkanda nao uwe mgumu. Wa kawaida unalegea na kitako kinainama nje, na zile hesabu zote za kimo zinakuwa bure.

Neno la mwisho ni kwa ndugu wanaopanda gari mwezi wa Desemba kuja kusalimia nyumbani. Leseni ya Pretoria haina nguvu Zimbabwe, wala Zambia, wala Kasumbalesa kwenye mpaka wetu. Kwetu Kongo silaha na risasi zinatawaliwa na sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na kibali cha raia hakipatikani kwa kuonyesha karatasi ya nchi nyingine mpakani. Bastola zote mbili zinabaki ndani ya kasha la chuma Johannesburg, na funguo zake zisiachwe kwa mpangaji.