Tochi ya kuchaji ya kutembea nayo Kigoma: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Kwa wenye haraka jibu ni hili: chukua tochi ndogo ya alumini inayotumia betri moja ya lithiamu ya kuchaji, ile ya mviringo inayoitwa 18650, ambayo unaifungua na kuitoa kwa mkono wako mwenyewe, iwe na tundu la kuchajia la Taipu C na modi tatu au nne za mwanga, basi. Mengine yote hapa chini ni kwa nini, na kwa ambaye mfuko haujakaa sawa kuna namba mbili mpaka sita.

Huku mwisho wa reli tochi sio anasa. Mji huu umeishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi na hata leo umeme ukiamua kukata unakata, halafu kuna kushuka Kibirizi alfajiri kupokea mzigo wa dagaa, kuna bodaboda kupata pancha usiku ukitokea Mwandiga, kuna masika ambapo njia za Gungu ni tope tupu na nyoka nao wanatafuta pakavu, yaani mtu anayetembea bila mwanga anajitafutia. Wengi wetu tunatumia tochi ya simu, ndo maana nimeandika hii.

Tuanze na betri kwa sababu hapo ndo watu wanapigwa. Tochi ya kuchaji ni betri, ile taa yenyewe siku hizi hata za bei ya chini zinawaka vizuri tu. Hiyo namba 18650 ni vipimo, milimita 18 upana na 65 urefu, volti 3.7, ikijaa inafika 4.2. Sasa sikiliza vizuri: betri ya 18650 ya kweli, hata ya kampuni kubwa kama Panasonic, Samsung au LG, inaishia kwenye mAh 3,500 hivi (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Ukiona imeandikwa 6,800 au 9,900 usijiulize mara mbili, huo ni uongo ulioandikwa kwenye karatasi ya plastiki, na mara nyingi ndani hata 1,000 hazifiki. Namna rahisi ya kumshika muongo ni uzito. Ya kweli ina gramu kama 45 kwenda 48, kwa hiyo nenda nayo kwa mtu mwenye mizani midogo ya kupimia viungo, akikuambia gramu 25 au 30 mrudishie mwenye duka mali yake. Muuzaji atakasirika kidogo, mwache akasirike.

Ujanja mwingine wa mjini ni betri zilizotolewa kwenye laptop mbovu. Mafundi wetu wanazo, na kiukweli nyingi ni orijino, ila zimechoka na hujui zilipitia nini. Kwa tochi ya nyumbani sawa, ila hakikisha plastiki ya juu haijachanika na betri haina kutu wala dalili ya kuvuja, maana lithiamu ikipiga shoti haina mzaha. Pia angalia urefu, zile zenye kisakiti cha kinga ya shoti ndani zinaongezeka mpaka milimita 68 au 70 na tochi nyingine zinazikataa, mfuniko haufungi mpaka mwisho. Na kuna zenye kichwa kilichochomoza na zenye kichwa bapa, sio kila tochi inawasha bapa. Nenda na tochi yako dukani ujaribu hapohapo.

Halafu hii ishu ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. LED nzuri inatoa lumeni 100 mpaka 150 hivi kwa kila wati moja. Sasa ukikuta boksi limeandikwa lumeni 100,000 piga hesabu, hapo unahitaji wati karibu elfu moja, yaani pasi ya umeme nzima iingie kwenye kitu cha kushika kiganjani kinachoendeshwa na betri moja. Haiwezekani, ingekuunguza mkono kabla hujavuka barabara. Mahitaji ya kweli ni madogo sana: lumeni 10 zinatosha kutafuta kitu chumbani bila kuamsha watoto, 100 mpaka 150 zinatosha kutembea njia mbaya, 500 na kuendelea ni za kumulika kitu cha mbali kwa muda mfupi, maana tochi ndogo ikiwa kwenye ukali wa juu inapata moto na yenyewe inajipunguza baada ya dakika chache. Hiyo sio ubovu, ndo zilivyotengenezwa. Kwa betri ya kweli ya 3,000 na kitu, lumeni 100 unazipata masaa mengi, unaweza kumaliza usiku mzima nayo.

Haya, msimamo wenyewe.

Namba moja ni hiyo niliyosema juu, ya mkononi yenye 18650 inayotoka. Majina ambayo wapenzi wa tochi wanayaamini kwa bei ya kibinadamu ni Sofirn, Wurkkos na Convoy, wote Wachina, na kuna Mchina na Mchina. Wurkkos FC11 kwa mfano ina Taipu C, ina sumaku nyuma unaibandika kwenye boneti au kwenye bati fundi akafanya kazi na mikono yake miwili, na mwanga wake unaonyesha rangi vizuri. Hilo la rangi watu wanalidharau, ila mwanga wa bluubluu wa tochi za bei chee unafanya waya mwekundu na wa kahawia vifanane, na samaki aliyeanza kuharibika anaonekana mzima, jaribu uone. Sofirn SC31 Pro nayo ni kali zaidi, ila ina kubonyeza kwingi, mara mbili hivi, mara tatu vile, shikilia, achia. Kijana atafurahia. Bibi usimpelekee hiyo, mtafutie yenye swichi moja ya kuwasha na kuzima. Convoy S2+ ni imara mno ila nyingi hazina tundu la kuchajia, inabidi ununue chaja ya pembeni, na hiyo kwangu sio kasoro kubwa kwa sababu tundu ndo sehemu ya kwanza maji kuingia.

Kubwa kwenye kundi hili ni kwamba betri ikifa baada ya miaka miwili mitatu unanunua betri, tochi inaendelea. Na ukiwa na betri ya pili mfukoni umeme ukikata siku mbili haukusumbui.

Namba mbili, tochi ya kichwani yenye betri hiyohiyo ya 18650. Nilikaa nikifikiria kama hii haifai kuwa ya kwanza, na kwa baadhi ya watu ndo ya kwanza kabisa: mvuvi anayevuta wavu, fundi pikipiki, nesi wa zahanati ya kijijini, mama anayekaanga migebuka jioni huku anarudisha chenji. Mikono yote iko huru. Nimeiweka ya pili kwa sababu haikai mfukoni vizuri, mkanda unalegea na kunuka jasho, na kila unayeongea naye unammulika machoni. Chagua ambayo kichwa chake kinainama chini. Zile ambazo boksi la betri liko kisogoni na waya unazunguka kuja mbele zikimbie, ule waya ukikunjwakunjwa unakatikia ndani na fundi hataupata haraka.

Namba tatu inaweza kukushangaza, ni zile tochi za zumu za sokoni, za kuvuta kichwa mwanga ukajikusanya, ambazo zimejaa mtaa wa Mwanga na mjini. Bei yake ni ya kuku au chini ya hapo. Tochi yenyewe sio mbaya, kinachoiua ni ile betri feki inayokuja nayo. Nunua tochi, betri yake weka pembeni, tafuta betri ya kweli moja uweke, ghafla una kitu kinachofanya kazi. Nyingi zinakubali 18650 na pia kile kikapu cha betri tatu ndogo za kawaida, ambacho ukienda kijijini kinakuokoa maana betri ndogo hazikosekani kwenye genge lolote. Udhaifu wake ni maji. Kichwa kinachoteleza mbele na nyuma kinavuta hewa, na kikivuta hewa kwenye mvua kinavuta na maji, hata kama boksi limeandika nini.

Namba nne, vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo, vya kuchaji kwa USB. Vizuri kwa tundu la mlango na kutafuta shilingi mia iliyodondoka kwenye daladala. Betri iko ndani haitoki, ikifa umetupa. Kama unayo namba moja, hiki ongeza tu.

Namba tano ni zile za kila kitu humohumo, tochi na redio na pawabenki na sola mgongoni na king'ora. Hapa nina ugomvi na hiyo sola. Betri ya 18650 nzuri inabeba kama wati-saa 11, na kale kasola cha ukubwa wa kiganja kikijitahidi sana jua la utosi kinatoa nusu wati, sasa gawanya, ni zaidi ya masaa 22 ya jua kali bila wingu, na huo upotevu wa njiani sijauhesabu. Yaani siku nne tano kuijaza mara moja, tena kiangazi. Masika sahau. Kama unataka sola nunua paneli yake kubwa ya pembeni yenye tundu la USB, uchajie tochi yoyote na simu juu yake.

Namba sita, ya mwisho, ile tochi kubwa ya plastiki yenye pini mbili za kuchomeka moja kwa moja ukutani. Ndani ina betri ya asidi, ndugu mdogo wa betri ya gari, volti 4. Betri hiyo ukiiacha tupu wiki kadhaa inaganda kwa ndani na haiamki tena, na sisi ndo tulivyo, tunaichaji, tunaitumia, inazimika, tunaitupa juu ya kabati mpaka umeme ukatike tena. Ndo maana kila nyumba ina moja mbovu.

Simu sijaipa namba. Ni ya dharura. Mwanga wake unatawanyika hauendi mbali, unamaliza chaji ya kitu unachokihitaji kupiga ukipata matatizo, na kuiinua simu ya laki kadhaa gizani ni kuwaita wenye macho yao.

Ukifika dukani fanya haya kabla ya kutoa hela. Washa mwanga mdogo halafu uangalie kwa kamera ya simu, ukiona mistari inatembea kwenye picha ujue tochi inawaka na kuzima haraka haraka, inachosha macho na kichwa, ingawa kwa kutembea tu unaweza kuvumilia. Fungua mfuniko wa nyuma, lazima ukute ule mpira mweusi mwembamba wa duara kwenye nyuzi za skrubu, usipokuwepo hiyo sio ya mvua. Funga tena, izungushe kidogo kuilegeza: nyingi nzuri zinakata umeme hapo, kwa hiyo haiwezi kujiwasha kwenye begi. Halafu chaji yake. Kuna tochi zina tundu la Taipu C lakini hazichaji kwa waya wa C kwa C, zinataka ule waya wa zamani wenye USB pana upande wa chaja, kwa sababu mtengenezaji ameruka vipande viwili vidogo vya ndani kuokoa senti. Mwombe muuzaji achomeke uone taa nyekundu inawaka, usikubali neno la "hii inachaji kila kitu bosi".

Kwa wa ziwani. Alama ya IPX4 ni ya manyunyu ya mvua, IPX7 ni kuzama mita moja nusu saa, IPX8 ni zaidi ya hapo. Ya boti isiwe chini ya 7. Ila kutoingia maji sio kuelea, alumini na betri vinazama kama jiwe, na Tanganyika pale penye kina kirefu ni kama mita 1,470 kwenda chini, kwa hiyo funga kamba kwenye mkono au kipande cha boya la wavu. Na usiitegemee hii kuvutia dagaa, kazi hiyo ina taa zake.

Matunzo ni kidogo tu. Usiichaji juu ya godoro, usiiache kwenye dashibodi ya gari mchana, ukiiweka muda mrefu bila kuitumia iache na nusu chaji wala sio tupu. Ule mpira wa duara upake mafuta ya silikoni kidogo ukianza kukauka, wauzaji wa spea wanayo. Mawese hapana jamani.

Kuhusu kuagiza: maduka ya hapa yana namba tatu mpaka sita kwa wingi, ila namba moja ya jina inaweza kukulazimu uagize Kariakoo ije na basi, au nje kabisa kwa mtandao. Ukiagiza nje uliza mapema kama betri imo, kwa sababu betri za lithiamu zina masharti kwenye ndege na wauzaji wengine wanatuma tochi tupu. Ikija tupu rudi pale kwenye habari ya mizani.