Nimerudi kwenye gemu za kupigana, na Street Fighter 6 ndiyo iliyobaki kwenye PS4 yangu

Kama uliacha gemu za kupigana enzi za PS1 au PS2 (PlayStation za mwanzo) na sasa unataka kurudi, usianze kwa kuuliza ipi ni kali kuliko zote. Jiulize kwanza utacheza na nani. Tangu ninunue PS4 iliyotumika hapa Mbeya nimepitia diski kadhaa, za kuazima na za kununua, na kila mara jibu la swali hilo ndilo lililoamua kama gemu itakaa sebuleni au itarudi dukani kubadilishwa.

Kizazi changu kimelelewa na Tekken 3. Ilitoka kwenye PS1 mwaka 1998, na vibanda vya gemu vya Mwanjelwa na Soweto viliendelea kuichezesha miaka mingi baadaye, kwenye pedi ambazo alama zake zilishafutika zote. Kila mtu alimjua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira, kwa sababu hata asiyejua lolote akibonyeza vitufe vya miguu mfululizo alikuwa anaweza kumwangusha mtaalamu. Kisha zikaja kazi na familia, pedi nikaziacha. Niliporudi sikuwa nautafuta ubingwa. Nilitaka raundi chache jioni baada ya chakula, pamoja na watu wa nyumbani: mpwa wangu wa sekondari, mke wangu siku akijisikia, na rafiki wa zamani anayepita kutoka Uyole mwisho wa wiki. Namwandikia mtu mwenye hali kama hiyo.

Nilianza na Tekken 7, kama ambavyo wengi wangeanza. Kwenye PS4 imekuwepo tangu Juni 2017 na diski zake zilizotumika zinapatikana kwa bei nzuri. Raha yake ya kwanza ni kwamba mikono inakumbuka. Mpangilio ni uleule: pembe nne mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, msalaba mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. King, Law, Paul, Nina, Yoshimitsu na Hwoarang wote wamo, na Eddy yumo bila kumnunua pembeni. Rafiki yangu wa Uyole alishika pedi na ndani ya pambano la kwanza tayari alikuwa anapiga mateke ya Hwoarang kama zamani. Kwa watu wawili waliokulia Tekken, hii inatosha kabisa.

Tatizo likaja kwa mpwa wangu. Tekken 7 haina somo la kumwanzisha mtu. Kuna chumba cha mazoezi na orodha ya mapigo, na orodha ya mhusika mmoja huweza kuvuka mapigo mia. Hakuna anayekuambia lipi ni la kutumia ukiwa karibu, lipi la kumwadhibu mtu aliyekosea, lipi uliache kwanza. Kwenye hadithi yake kuna msaada wa kushikilia kitufe cha L1 na kubonyeza kitufe kimoja upate pigo kubwa, lakini ukitoka kwenye hadithi msaada huo unabaki kule. Mtoto akawa anapigwa tu. Baada ya muda akasema, "Mjomba, mimi nitaangalia, chezeni ninyi." Kwangu hiyo ni kasoro kubwa kuliko picha mbaya au sauti mbaya, maana gemu ya kupigana isipokuwa na mtu wa pili inakufa.

Mortal Kombat 11 ya mwaka 2019 sitaizungumzia sana. Hadithi yake imetengenezwa kwa ustadi, inaangaliwa kama sinema, na mapigo yake ni mepesi kuyashika. Lakini ni gemu ya watu wazima, mifupa inavunjwa na miili inapasuliwa mbele ya kamera. Kwenye nyumba yenye watoto wanaopita sebuleni siiweki. Pia baadhi ya sehemu zake, ikiwemo ile ya kutafuta hazina, hazifunguki bila intaneti, hata kama unacheza peke yako.

Tekken 8 niliicheza kwa mwenzangu wa kazini mwenye PS5, kwa sababu kwenye PS4 haipo kabisa. Ilitoka tarehe 26 Januari 2024 ikiwa na wapiganaji 32. Nilipenda mambo mawili. La kwanza ni ile sehemu ya Arcade Quest, inayokufundisha taratibu huku ukisafiri kutoka ukumbi mmoja wa gemu hadi mwingine, jambo ambalo Tekken 7 ilikosa. La pili ni kivuli chako: gemu inajifunza unavyocheza, halafu unaweza kupigana na nakala yako mwenyewe na kuona tabia zako mbaya. Ukibonyeza L1 katikati ya pambano unahamia kwenye mapigo rahisi, lakini hayo ni machache, na ukitaka kuendelea zaidi lazima urudi kwenye orodha ndefu. Inahitaji pia nafasi ya takribani GB 100. Na aliyezoea Eddy ajue kwamba humo alikuja baadaye kama nyongeza ya kununua. Ukiwa tayari una PS5, na kundi lako lote ni la Tekken, sina sababu ya kukuzuia.

Sasa Street Fighter 6. Capcom waliitoa tarehe 2 Juni 2023, na bahati nzuri waliiweka kwenye PS4 pia. Mimi sikuwa mtu wa Street Fighter. Vibandani ilikuwepo lakini ilitushinda vidole: ili Ryu arushe lile duara la moto ulitakiwa kuzungusha mshale kutoka chini kwenda mbele kisha upige ngumi, kwa mpigo sahihi, huku jamaa anakujia. Vitufe vyenyewe vya kupigia vilikuwa sita. Kwa mtu wa Tekken ilikuwa shule nyingine kabisa.

Toleo hili limeutatua ugumu huo vizuri kuliko gemu yoyote niliyoishika. Kabla ya pambano kila mchezaji anachagua namna yake ya kudhibiti. Kuna Classic, ile ya zamani ya vitufe sita. Kuna Modern, ambapo pembetatu pamoja na uelekeo wa mshale vinatoa mapigo maalumu moja kwa moja, na ukishikilia R2 huku unabonyeza kitufe kimoja mfululizo mpiganaji anaunganisha mapigo mwenyewe. Kuna na Dynamic, ambayo mashine inakuchagulia pigo kulingana na umbali wa adui. Hii inatumika mkiwa mmekaa pamoja tu, mtandaoni hairuhusiwi. Uzuri ni kwamba hamlazimiki kuwa kwenye mfumo mmoja. Mimi natumia Modern, mpwa wangu sasa yuko Classic, mke wangu akikaa anachukua Dynamic na mpiganaji Blanka, na pambano linakuwa pambano kweli. Siku aliyonishinda mbele ya wageni sebule nzima ilisimama.

Kinachonifanya niisifu Modern kwa moyo wote ni jinsi ilivyopimwa. Pigo maalumu ukilitoa kwa njia ya mkato linapoteza asilimia 20 ya nguvu yake. Ukilitoa kwa kuzungusha mshale kama watu wa zamani, hata ukiwa humohumo kwenye Modern, linatoka na nguvu kamili. Kwa hiyo mgeni anacheza leo hii, na siku vidole vikifunguka analipwa kwa juhudi yake bila kubadilisha mfumo. Mpwa wangu alipita njia hiyohiyo mpaka akahamia Classic mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Kwa Juni na Julai za Mbeya, wakati baridi inakufanya ushike pedi ukiwa umevaa koti, nafurahi sana kwamba zile zungusha-zungusha si lazima.

Kisha kuna geji ya Drive, ambayo ndiyo roho ya gemu. Kila mmoja anaanza raundi akiwa na vipande sita vilivyojaa. Ukitaka kukimbilia mbele ghafla, kukinga pigo kwa namna ya pekee, kuongeza nguvu ya pigo, au kurusha lile dharuba zito linalopenya mapigo ya adui, vyote vinakatwa humo. Ukimaliza vipande unachoka: mwili unageuka wa kijivu, vipande vinachukua muda kurudi, na hata ukikinga mapigo maalumu uhai unapungua. Ukipigwa dharuba hilo ukiwa umechoka na mgongo uko ukutani, unapata kizunguzungu. Ni rahisi kumweleza mtu, unamwambia tu asizitumie zote mara moja. Lakini kulitekeleza chini ya presha ni jambo jingine, na hapo ndipo mtu mzima mwenye subira anaweza kumshinda kijana mwenye vidole vyepesi. Mashindano yetu mengi ya nyumbani yanaamuliwa na nani kachoka kwanza.

Kwa masomo iko mbali sana na Tekken 7. Mbali na somo la jumla, kila mpiganaji ana mwongozo wake unaoeleza pigo fulani linafanya kazi gani na litumike wakati gani. Wapiganaji wa kwenye diski ni 18, wakiwemo wote wanane wa Street Fighter 2 ya mwaka 1991, hivyo aliyeona Guile au Zangief utotoni atawakuta. Ushauri wangu kwa anayerudi: shika Ken, Luke au Marisa kwanza. Marisa hana haraka, anapiga mara chache na kila pigo linahisiwa.

Ukiwa peke yako kuna World Tour. Unatengeneza mtu wako, unamtembeza mtaani Metro City, unachokoza wapita njia kupigana na unajifunza mapigo kwa mabingwa. Mwanzo wake ni wa polepole na maneno ni mengi, hakuna Kiswahili, na kwenye PS4 picha za huko haziendi kwa ulaini wa ulingoni. Kusubiri kupakia nako kunachosha kidogo. Mimi naitumia kama sehemu ya kupumzikia. Wageni wakija nafungua mapambano ya kanuni za ajabu, lile la fahali anayepita katikati na kuwakumba wote wawili, na hata asiyependa gemu anavuta kiti.

Kuhusu kucheza mtandaoni niseme ukweli wa hapa kwetu. Gemu hii inatumia mfumo unaobashiri kitufe atakachobonyeza mpinzani na kusahihisha papo hapo ikikosea, hivyo inavumilia umbali kuliko gemu za zamani. Hata hivyo mtandao wa simu unaopanda na kushuka hakuna mfumo unaouponya, na kwenye PS4 utahitaji pia kulipia PlayStation Plus. Bando langu nimelitunza kwa ajili ya masasisho. Kama utacheza mtandaoni tu, nyumbani hakuna mtu na laini yako si thabiti, fikiria mara mbili kabla ya kununua gemu yoyote ya kupigana.

Kabla ya kulipa, pakua jaribio lake la bure. Lipo kwenye PS4, unamcheza Ryu na Luke, na somo la mwanzo limo. Litakuonyesha kama Modern inakufaa. Ukiamua kununua diski iliyotumika, angalia msimbo unaoanza na CUSA ubavuni mwa kasha, ndio unaoonyesha diski ni ya soko gani. Diski yenyewe itacheza kwenye PS4 yoyote, lakini wapiganaji wa nyongeza kama Akuma, Terry au Mai wananunuliwa kupitia akaunti, na nyongeza ya akaunti ya Marekani haikubali kwenye diski ya Ulaya. Wengi wetu hapa akaunti zetu zimefunguliwa kwa nchi za watu, na si kila muuzaji atakumbuka kukuambia. Muulize diski ni ya wapi kabla hujatoa hela.