TAHADHARI: Anajiita mwalimu wa minada ya mtandaoni, ameondoka na sarafu za babu yangu

Mlioniuliza zile sarafu za kwenye kopo la babu zimeishia wapi, jibu ni hili. Zimeibwa, na aliyezitoa ni mimi, kwa mikono yangu miwili. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikirudiarudia.

Darasa la kuuza vitu kwa mnada wa mtandaoni lilikuwa WhatsApp, wiki mbili, ada 45,000. Ndugu zangu, yule mtu anajua kufundisha. Alituambia sarafu ya zamani haisuguliwi kwa limau wala majivu, ukishaing'arisha umeiua bei. Piga picha karibu na dirisha asubuhi, pande zote mbili, weka rula pembeni, pima uzito kwa mzani wa sonara. Mkwaruzo usiufiche, uandike. Anza na bei ndogo watu wavutane, na mnada ufungwe Jumapili jioni kwa saa za Ujerumani, maana wanaozitafuta hizi heller, sarafu za enzi za Wajerumani, wengi wako huko na madau makubwa huja dakika za mwisho. Nilikwenda kuulizia kwa watu wengine, nikaambiwa ni kweli tupu. Ndiyo maana nilimwamini. Mtu asije hapa kuniambia ni tamaa.

Hata mambo ya kwetu Tabora aliyajua kunizidi. Kile kisarafu cha njano chenye taji na herufi T, nilichokuwa nachezea utotoni, ndiye aliyenieleza kuwa ni heller 20, iliyogongwa Tabora kwetu 1916 wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa hawapati tena fedha kutoka kwao. Akaniambia na neno letu "hela" limetokana na hiyo heller. Siku ile nililia, nikamwona kama mtu aliyetumwa na babu.

Kisha akaanza: "Dada, akaunti yako mpya, haina nyota hata moja ya sifa kutoka kwa wanunuzi, nani atakuamini? Pitishia kwangu." Akachukua sarafu moja ya majaribio. Akasema imeuzwa euro 31, na usiku uleule, akishakata chake, 70,000 ikaingia kwenye simu yangu. Nani asingemwamini hapo?

Ijumaa tukakutana mgahawani Kariakoo. Namwona mpaka sasa. Shati jeupe limenyooshwa pasi. Akatandika kitambaa cheusi mezani, akavaa glavu za pamba, akawa anashika sarafu mojamoja kwa ukingo, kama anashika yai. Sarafu 11 za heller zenye tundu katikati, na sarafu 4 za rupia, za madini ya fedha, za enzi hizohizo. Akahesabu mara mbili, akaandika, akanipa nakala yenye mhuri. Mhuri, jamani! Na chai akanilipia. Nikatoka pale na kopo tupu mkobani na moyo mweupe.

Jumapili usiku mimi na binti yangu tumekaa kitandani tunapokea picha za skrini ya simu yake zinazoonyesha mnada. Euro 120. Baadaye 210. Baadaye 340. Mtoto anarukaruka, mimi nimeshapiga hesabu ya ada ya shule na mabati ya nyumba ya mama. Saa nne usiku: "Hongera dada, umeuza."

Jumatatu pesa "imezuiliwa", itoke ushuru 180,000. Nikatuma. Jumatano bima ya mzigo, 95,000. Hiyo nilikopa kwenye kikoba, na wenzangu wa kikoba mnaosoma hapa, nitailipa, nawaomba muda tu. Alhamisi ujumbe ukabaki tiki moja. Mpaka leo ni tiki moja.

Binti ndiye aliyegundua. Zile picha tatu zilikuja kwa muda wa saa mbili, lakini juu zote zinasoma 19:47, betri asilimia 63. Zilitengenezwa kwa mkupuo mmoja. Nilikuwa nimezitazama mara ngapi?

Huyu mtu afungwe. Sirudi nyuma kwenye hilo. RB nimechukua polisi, ujumbe wake na namba nimevituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo ana jina na ana kitambulisho, apatikane! Kuna mama wawili wa darasa letu nao wamelizwa, mmoja vitenge vya zamani, mwingine saa ya marehemu mumewe. Anatafuta hasa wanaoanza, wenye kitu cha urithi na wasiojua bei yake. Afungwe, na alipe.

Mnaoanza, hakuwahi kunitumia kiungo cha mnada wenyewe, picha tu. Na jina lililotokea nilipomtumia pesa lilikuwa la mwanamke, akasema ni la mkewe. Minada ya kweli hukata chake kwenye mauzo, haimpigii mtu simu kumdai ushuru kwanza. Fungueni akaunti zenu hata kama hazina nyota, muuze kikombe, muuze kitabu, nyota zitakuja.

Na hili nawaomba sana. Moja ya zile rupia ina kichwa cha Kaisari mwenye kofia ya tai, na juu ya kofia pana kitundu kilichozibwa kwa madini ya risasi, kwa sababu bibi aliivaa shingoni miaka yote. Ukiiona Kariakoo, Unguja au kwenye mnada wowote, piga picha unitumie inboksi, saa yoyote.