Fundi wa kanzu wa Langoni anayeshona skrabu

Daktari intani, yaani aliyehitimu karibuni na bado yumo mafunzoni, akipangiwa Lamu huja na begi moja, koti jeupe na seti mbili za skrabu za dukani, zile blauzi na suruali za kazi ya wodini. Haupiti muda, moja imefumuka kwapani, ya pili pachipachi, na kupata nyingine ni mpaka uagize Mombasa. Hapo wenzake humpeleka mtaa wa Langoni, kwenye kichochoro kimojawapo nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kwa fundi mmoja wa kanzu. Duka ni chumba kimoja: cherehani mbili za mguu, ovaloki ya umeme, majora ya kitambaa cheupe yamepangwa hadi darini. Kibao hakuna. Ukiuliza fundi anayewashonea madaktari, hata watoto watakuonyesha.

Tuseme mapema: usiende kule kutafuta rahisi. Ukijumlisha kitambaa na ujira, seti moja hukaribia bei ya ile ya tayari. Unachonunua ni mshono, na katika mshono wenyewe, unanunua kikwapa.

Kanzu ya kale haikatwi mbele na nyuma tu. Ina badani, kipande kikuu cha mwili, ina taharizi, vipande vya ubavuni, na pale mkono, badani na taharizi vinapokutana huingizwa kikwapa: kipande cha mraba, kama sentimita 10 kila upande, kilichogeuzwa kikasimama kwa pembe mfano wa kashata. Skrabu za kiwandani aghalabu hazina kitu hicho. Mwili hukatwa ulionyooka, mkono ukaungwa, basi. Ukiinua mikono kutundika dripu, blauzi nzima hupanda hadi kitovu. Ukimkandamiza mgonjwa kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mvuto wote huangukia sentimita tatu nne za uzi chini ya kwapa, na hapo ndipo jasho linapokaa na kuulegeza. Kikwapa huupokea mvuto huo kwa kitambaa, tena kitambaa cha mshazari ambacho hunyumbuka, si kwa uzi. Seti zake hazifumuki pale. Nyingine huisha rangi kabla ya mshono kuachia.

Ila lazima umwambie. Yeye huuliza swali moja tu akiwa na utepe shingoni: "Daktari, wataka ya dukani au yenye kikwapa?" Jibu: "Yenye kikwapa, ami." Ujira hauongezeki. Usipotaja, atakushonea ya mtindo wa dukani, kwa kuwa wateja wengine hukiona kile kipande wakadhani ni kiraka, wakarudisha nguo.

Kitambaa nenda nacho mwenyewe. Majora yake ni ya kanzu, meupe na mepesi, na yakilowa huonyesha mwili. Kinachofaa ni mchanganyiko wa polista 65 kwa pamba 35, upana wa sentimita 150. Mita 2.5 humtosha mtu wa wastani, mita 3 mrefu au mnene. Poplini ya upana wa sentimita 115 itakula mita 4. Pamba tupu ni raha mwilini joto la kaskazi likipamba moto, lakini hutaka pasi kila siku, na wakati wa masika haikauki upesi. Tena hunywea. Anayeipenda ailoweke usiku kucha, aianike, aipige pasi, ndipo aipeleke ikatwe. Fundi hailoweki wala hakuambii uiloweke. Suruali iliyokatwa kabla ya kitambaa kunywea hupanda juu ya kifundo baada ya kufuliwa mara mbili tatu, na hakuna pa kuiteremshia, maana yeye huacha upindo wa sentimita 2. Mwambie aache 5.

Uzi nao taja. Uzi wa pamba huliwa na jiki upesi kuliko wa polista, na skrabu za wodi ya uzazi hazikwepi jiki. (Kwa anayefua: damu huanza kwa maji baridi na sabuni. Maji ya moto huigandisha kwenye nyuzi, na baada ya hapo hata jiki haitakusaidia. Ukimimina jiki bila kuizimua kwenye rangi ya buluu iliyokoza, utapata mabaka ya wekundu wekundu ambayo hayaondoki.)

Mifuko ndiyo udhaifu wake. Mtu aliyezoea mfuko wa kanzu, wa kutia tasbihi na noti mbili, hashughuliki na mfuko utakaobeba simu, kidaftari, glavu, tochi na kalamu tatu kwa saa 24. Mfuko wake wa kifua una kina cha sentimita 10. Inama juu ya kitanda, kalamu zote zinamwangukia mgonjwa. Mchoree kwenye karatasi: kifuani kushoto, upana 13, kina 15, na ndani yake mshono wa wima unaotenga sentimita 3 za kalamu. Chini, mifuko miwili ya 18 kwa 18, na pembe za juu za kila mmoja zishindiliwe kwa mshono wa pembetatu. Bila pembetatu hizo, uzito wa stethoskopu hupasua blauzi yenyewe, si mfuko. Usitegemee maneno hapa. Karatasi huishika na hukata kama ilivyo.

Kwa suruali, omba kamba na mpira pamoja. Mpira peke yake hulegea kwa kufuliwa, na kamba peke yake ikiingia ndani usiku wa zamu utaitafuta kwa kipini cha nywele. Pachipachi naye hujua: huweka kipande cha ziada kama kikwapa, ukitaka kuchuchumaa.

Shingo ni mjadala. Mkono wake umezoea kaba ya kanzu, kwa hiyo V yake hutoka fupi na ya kubana. Kwa wengine hiyo ni neema, maana V ya dukani ukiinama humwonyesha mgonjwa hadi kitovu. Mwenye kichwa kikubwa ajaribu kabla ya kaba kushonwa, kwani ikishashonwa haifumuliwi bila kuacha alama.

Waliosomea nje humletea maombi yao, na hapa ndipo mtu anapoona jinsi nguo ya daktari mdogo inavyobadilika kwa nchi. Nchini Kenya intani huzunguka idara kwa mwaka mmoja, na nguo ya wodini mara nyingi hujinunulia. Marekani hospitali nyingi hutoa skrabu na kuzifua zenyewe, na koti fupi jeupe ni la mwanafunzi, refu la aliyehitimu. Uingereza, ambako mafunzo ya mwanzo ni miaka miwili, koti jeupe limeondoka wodini tangu sera ya mikono wazi chini ya viwiko ya 2008: hakuna saa, hakuna mikono mirefu karibu na mgonjwa. Mwaka 2010 mwongozo ulifafanuliwa kwa ajili ya wanaojisitiri, wakaruhusiwa mikono inayokunjika na kubaki juu wakati wa kunawa, na ile ya plastiki ya kuvaa mara moja ukatupa.

Hilo la mwisho linawagusa sana mabinti wa Lamu na Faza wanaorudi kufanya kazi nyumbani. Fundi huyu hulitatua kwa sijafu: mkono mrefu unaoishia kwenye sijafu ya sentimita 4 yenye mpira mwepesi ndani, husukumwa hadi juu ya kiwiko na kukaa hapo. Jaribuni palepale dukani, sukuma mkono mara kumi. Mpira ukibana sana huacha alama na kuzuia damu, ukilegea huteremka ndani ya beseni.

Zaidi ya mikono, lakini, umbo la kike halimwelekei. Hashoni mikunjo ya kubana kifuani wala kiunoni, na blauzi hutoka kama gunia lililoshonwa vizuri. Wengi humwachia akate na kuweka vikwapa, kisha humpelekea fundi wa kike wa magauni amalizie ubavu. Hilo lamkera kidogo, lakini mwambie kabla, aache sentimita 3 za ziada kila upande.

Ahadi zake: seti moja siku nne, nazo kwa kawaida huwa sita. Ukisikia "Ndoo kesho baada ya alasiri," yaani njoo, hesabu kesho kutwa. Kuanzia katikati ya Shaabani hadi Idi, na tena Mfungo Sita wageni wa Maulidi wakianza kushuka gatini, usimpelekee kitu. Kila mwanamume wa kisiwani anataka kanzu mpya, na skrabu yako itakaa chini ya rundo, imekatwa, haijaungwa. Anayeripoti kazini miezi hiyo apeleke kitambaa wiki sita mapema, seti tatu kwa pamoja: moja mwilini, moja kambani, moja ndani ya begi la zamu.